UZI: Watoto 74 wa P2, simu moja, tableti nne: tuchunguze vipi wadudu wa uwanja wa shule?

Mwl_Kyaggwe (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Darasa ni P2 (la pili la msingi), watoto 74. Vifaa ni simu janja moja ya mwalimu, tableti 4 za Android za bei nafuu na televisheni ya inchi 32 iliyo ukumbini. Umeme ni wa sola. Intaneti ni bando la mwalimu, yaani ni ya kubana.

Lengo: muhula huu wa tatu watoto wachunguze wadudu wa uwanja wa shule, kisha wawaonyeshe wazazi walichokipata. Wengi bado hawawezi kuandika sentensi nzima. Naomba hatua, vipimo, na yale yanayoharibika. Maneno ya warsha tumeshasikia ya kutosha.

---

Bibi_Vipepeo

Anza na swali kabla ya kugusa kifaa chochote, mwalimu. Ukiwaambia watoto "nendeni mkachunguze wadudu", tableti zitarudi na picha 200 za nyasi na vidole vya wenzao. Swali la mtoto wa miaka saba linataka vitu viwili tu: kitu cha kuhesabu, na mahali pa kukihesabia. Haya yanafaa uwanja wowote wa shule hapa Uganda:

- Wadudu ni wengi zaidi chini ya mwembe au kwenye nyasi za juani?
- Sisimizi wanakimbilia sukari, chumvi, mafuta au maji?
- Ua la njano na ua jeupe, lipi linatembelewa zaidi katika dakika 10?
- Nsenene wa kijani na wa kahawia, wepi wengi? (Hili lisubiri Novemba, msimu ukifika.)

"Kwa nini nyuki hutengeneza asali" liache kwa sasa. Jibu lake lipo kitabuni, mtoto hawezi kulipata kwa macho yake mwenyewe.

---

Kaka_Lugha

Kabla ya swali kuna tatizo la neno. Kwa Kiswahili "mdudu" ni yeyote anayetambaa au kuruka: buibui, jongoo, tandu, kupe, wote wadudu. Kwa Kiganda "ekiwuka" nalo limetanuka hivyohivyo. Ukimwambia mtoto "nnabbubi (buibui) si mdudu" anakuona umechanganyikiwa, na kwa lugha yake yeye ndiye yuko sahihi.

Dawa yake ni kutokubishana na lugha. Sema "wadudu wa miguu sita", na kila mnyama ahesabiwe miguu kabla ya kupewa jina. Sita, aende sanduku la bluu. Minane (buibui, kupe), sanduku jekundu. Zaidi ya hapo (tandu, jongoo), la njano. Kiwavi atawatatiza: ana miguu sita ya kweli karibu na kichwa, halafu vijiguu vinene vya nyama huku nyuma ambavyo kipepeo hatakuwa navyo. Waache wabishane. Mabishano hayo ni somo zima.

Na angalia majina yanayofanana. "Nyenje" ya Kiswahili ni yule mlialia wa usiku. "Ennyenje" ya Kiganda ni mende. Darasa lenye watoto wa makabila mchanganyiko litakuwa linazungumzia wadudu wawili bila kujua. Kumbikumbi Mganda anawaita nswa, Mwacholi ngwen. Rekodi majina yote kwa sauti ya mtoto chini ya picha moja. Hapo tableti inafanya kazi ambayo daftari haliwezi.

---

Fundi_Saketi

Upande wa vifaa, umeme kwanza. Tableti ya betri ya mAh 5,000 inabeba karibu Wh (wati-saa) 18.5. Ukiongeza upotevu wa chaji, hesabu Wh 25 kila moja. Nne ni Wh 100. Televisheni ya LED ya inchi 32 hula kama wati 45, kwa hiyo saa moja ni Wh 45. Paneli ya wati 100 siku ya jua zuri inakupa takriban Wh 300, siku ya mawingu pengine theluthi ya hapo. Muhula wa tatu una mvua, basi chaji tableti zote jioni ya kabla. Usitegemee asubuhi ya somo.

Tableti nne kwa watoto 74 maana yake hazitoshi, na usijaribu kuzitosheleza. Gawa makundi 12 ya watoto sita, mawili kati yao yawe na saba. Makundi manne yako nje na tableti, manne yanachora na kufinyanga, manne yanasikiliza au kuhesabu picha za jana. Dakika 15, zunguka. Katika kundi kila mtoto ana kazi: mshika tableti, mshika rula, mhesabu, msemaji, mlinzi wa chupa, na mtazama saa. Bila kugawa kazi, mtoto mmoja mwenye mabavu atashika tableti dakika zote 15.

Weka hali ya ndegeni, zima taarifa zote, na funga skrini kwenye programu ya kamera peke yake. Android ina kipengele hicho kwenye mipangilio ya usalama. Usipofanya hivyo watakuwa kwenye michezo kabla hujafika mlangoni.

---

Mwl_Kyaggwe

Asante Fundi. Swali: picha 300 zikija, nitajuaje ipi ni ya kundi lipi? Hawajui kuandika majina ya mafaili.

---

Fundi_Saketi

Kadi ya kundi. Kila kundi lina kadi ya manila yenye mchoro (samaki, jembe, ngoma…) na tarehe uliyoandika wewe. Picha ya kwanza ya kila zamu ni ya kadi hiyo. Picha zikipangwa kwa muda, zote zinazofuata ngoma ni za ngoma mpaka kadi nyingine itokee. Angalia tu saa na tarehe ya tableti zote ziwe sawa kabla ya kuanza. Tableti iliyozimika kabisa kwa wiki mbili inaweza kuamka na tarehe ya ajabu, ukazichanganya zote.

---

Jicho_la_Panzi

Picha zenyewe sasa. Hapa ndipo walimu wengi hukata tamaa, maana picha ya kwanza ya mdudu daima ni ukungu wa kijani.

Kamera ya simu ya kawaida haioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita 7 hadi 10. Mtoto huisogeza hadi igusane na panzi, na ukungu unazidi. Fundisha kipimo cha mkono: kiganja kimoja kilichonyooshwa kati ya kamera na mdudu. Piga kutoka hapo, kisha kata picha baadaye ili mdudu ajaze fremu. Ile kamera ya pili iliyoandikwa "makro" kwenye simu za bei nafuu mara nyingi ni ya megapikseli 2, na picha iliyokatwa kutoka kamera kuu huishinda.

Bonyeza mdudu kwenye skrini na ushikilie mpaka duara litulie, ndipo upige. Usitumie flashi: mgongo wa mbawakawa utang'aa kama kioo na hutaona rangi. Dirishani au chini ya mti panatosha.

Chupa ya maji iliyokatwa ni nzuri kwa kumshika mdudu, mbaya kwa kumpiga picha, kwa sababu plastiki yake imepinda na inavuta sura. Mhamishie kwenye kibakuli kifupi chenye mfuniko bapa unaopitisha mwanga, chini tandika karatasi nyeupe. Pembeni weka kizibo cha soda. Upana wake ni karibu sentimita 3, na kila mtoto anakijua. Baadaye wakiona picha kwenye televisheni, panzi akiwa mkubwa kama mbuzi, kizibo kitawaambia ukweli.

Lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10 ikishikwa mbele ya kamera inafanya kazi. Tone la maji kwenye kioo cha kamera pia hukuza, lakini usilitumie na tableti za mfadhili. Mtoto akigeuza tableti, tone linaingia kwenye spika.

---

Sisimizi_Mkuu

Kama ni jaribio moja tu muhula huu, fanyeni la sisimizi. Halina gharama, halimuumi mtu (ukichagua sisimizi weusi wadogo, siafu kaa nao mbali), na ndiyo sehemu ambapo kamera inalipa mshahara wake.

Vifaa kwa kundi: vizibo 4 vya soda, pamba, karatasi moja ya A4, kokoto 4. Koroga kijiko kimoja cha chai cha sukari kwenye vijiko vitano vya maji. Chumvi hivyohivyo. Cha tatu mafuta ya kupikia, cha nne maji matupu. Weka pamba ndani ya kila kizibo na umwagie kiasi cha kulowa tu. Kikiwa na kidimbwi, sisimizi wanazama, wenzao wanaacha kuja, na hesabu imekufa.

Tafuta njia ya sisimizi iliyo kivulini. Laza karatasi sambamba na njia, vizibo vikae sentimita 20 kutoka njia hiyo. Vipange mstari mmoja, sentimita 5 kati ya kimoja na kingine. A4 kwa urefu inavibeba vyote vinne. Tableti ikae juu ya matofali, kama sentimita 35 kutoka karatasini, isitikiswe tena. Picha moja kila dakika 5 hadi nusu saa: picha 7.

Rudia mara tatu na kila mara ubadilishe nafasi za vizibo. Hili msiliruke! Kizibo kilicho upande wa kichuguu hupata wageni wa kwanza hata kikiwa cha maji, na mtoto atasema sisimizi wanapenda maji.

Kuhesabu kunafanyika darasani, kwenye picha. Nje wanakimbia, kwenye picha wamesimama. Fungua picha kwenye sehemu ya kuhariri, chukua kalamu nyekundu, kila sisimizi aliyehesabiwa awekewe nukta. Hivyo hakuna anayehesabiwa mara mbili. Picha hiyohiyo wape watoto wa kundi jingine wahesabu bila kuambiwa jibu. Mmoja atapata 23, mwingine 26, na hapo ndipo wanajifunza kwamba lazima wakubaliane: aliyegusa ukingo wa kizibo ni wa ndani au wa nje?

Msishangae chumvi ikipata wateja wengi kuliko sukari. Aina za sisimizi zinatofautiana, na mahali palipo mbali na bahari chumvi ni adimu. Mwalimu asijitie kusahihisha matokeo.

---

Dada_Maktaba

Watu hawajataja programu za kutambua wadudu. Seek ipo, ni ya bure, haidai akaunti, na inatambua kupitia kamera hata bila intaneti mkishaipakua. iNaturalist, mtandao uliozaa Seek, hairuhusu aliye chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti, kwa hiyo kwa P2 iacheni. Kwa kusoma bila bando kuna Kiwix: mnapakua Wikipedia ya Kiswahili mara moja, mnaihamishia kwenye tableti zote kwa kadi ya kumbukumbu. Ina makala za makundi mengi ya wadudu, na faili yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya Kiingereza.

---

Bibi_Vipepeo

Dada_Maktaba, Seek naiheshimu, ila isitolewe mwanzoni. Mtoto akishaona skrini imetaja jina, anafunga macho. Miguu hahesabu tena, mabawa hatazami tena. Kazi ya kuona imekabidhiwa mashine.

---

Dada_Maktaba

Nnyabo, na mtoto asiyejua pa kuanzia je? Wengine wanahitaji jina ndipo wapate hamu ya kutazama. Jina ni mlango.

---

Jicho_la_Panzi

Mna haki wote, lakini kuna sababu ya kiufundi ya kuichelewesha. Programu hizi zimefunzwa kwa picha zilizopakiwa na watu, na wadudu wa huku kwetu wana picha chache kuliko wa Ulaya na Marekani. Matokeo yake mara nyingi zinaishia kwenye familia au jenasi, yaani kundi pana tu bila aina yenyewe, au zinabahatisha. Makosa ya kawaida: kumbikumbi anaitwa sisimizi mwenye mabawa, na nzi wa maua mwenye mistari ya njano anaitwa nyuki.

Kwa hiyo itumieni kama shahidi wa mwisho. Mtoto ajibu kwanza maswali manne kwa sauti: miguu mingapi? mabawa jozi ngapi? vipapasio vya namna gani? alikuwa anafanya nini? Halafu Seek iulizwe. Ikisema nyuki na mtoto amehesabu jozi moja ya mabawa, mtoto ameshinda, kwa sababu nyuki ana jozi mbili na nzi ana moja. Kumbikumbi na sisimizi: kumbikumbi ana mabawa manne ya urefu mmoja na kiuno kinene. Sisimizi mwenye mabawa ana kiuno chembamba, vipapasio vyake vimekunjika kama kiwiko, na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Mtoto wa P2 anayaona yote hayo kwenye televisheni bila shida.

Na mkifika kwenye "mbawakawa" mkashindwa kuendelea, basi. Hakuna haja ya jina la Kilatini.

---

Mwl_Kyaggwe

Nimeelewa. Kuna mdudu tunayeweza kumfuga darasani wamwone akibadilika? Uwanjani kuna milimao miwili.

---

Bibi_Vipepeo

Milimao miwili ni utajiri, mwalimu. Tafuta kiwavi wa kipepeo wa michungwa, Papilio demodocus. Yai ni mviringo mdogo wa manjano hafifu, moja moja juu ya jani changa. Kiwavi mdogo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, weusi na weupe. Akikua anakuwa wa kijani mwenye mabaka, urefu karibu sentimita 4.5. Ukimgusa anatoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu kali. Haziumi. Watoto watamchokoza ili azitoe, weka sheria: mara moja kwa siku, anayegusa ni mwalimu.

Kuanzia yai hadi kipepeo ni wiki 5 hadi 8 kutegemea joto. Ili muwahi kabla shule hazijafungwa, chukueni viwavi waliokwisha kuwa na sentimita 2 badala ya mayai. Wanne au watano wanatosha darasa zima.

Kizimba: sanduku la karatasi ngumu, pande mbili zikatwe na kubandikwa chandarua, kimo chake kisipungue sentimita 30. Kitawi cha mlimao kiwe ndani ya kichupa cha maji, na mdomo wa kichupa uzibwe kwa pamba kuzunguka kitawi. Ukiuacha wazi viwavi wanashuka na kuzama, huwa hawajui kurudi. Badilisha majani kila siku, fagia kinyesi kila siku, vinginevyo ukungu unaota. Usimng'oe kiwavi aliyeshika jani. Kata kipande cha jani na umhamishe nacho. Aliyetulia tuli siku nzima anajichubua ngozi, mwache.

Vinavyoua viwavi darasani ni vitatu. Majani ya mlimao uliopuliziwa dawa. Dawa ya mbu iliyopuliziwa chumbani wikendi. Na sisimizi, ndio wakubwa wao: miguu ya meza iwe ndani ya makopo yenye maji na tone la sabuni, meza isiguse ukuta.

Siku moja kiwavi ataacha kula, ataharisha majimaji, kisha ataanza kuzurura. Watoto watasema anaumwa. Anatafuta pa kugeukia pupa, ile hatua ya kutulia kati ya kiwavi na kipepeo. Weka vijiti vilivyosimama, usimsogeze mpaka siku moja ipite baada ya kuwa pupa.

---

Fundi_Saketi

Na hapo ndipo pa kutumia simu kwa video ya kuharakisha muda. Hesabu yake: picha moja kila sekunde 30 kwa saa 8 ni picha 960. Zikichezwa 24 kwa sekunde mnapata video ya sekunde 40. Kwa picha za MB 3 hiyo ni karibu GB 2.9, na simu yenye nafasi ndogo itajaa katikati. Shusha ubora hadi megapikseli 2, kwa televisheni ya inchi 32 hakuna atakayeona tofauti.

Kipepeo kutoka kwenye pupa ni jambo la dakika chache, kwa hiyo asubuhi ya siku hiyo punguza iwe picha moja kila sekunde 5. Simu iwe kwenye chaji na hali ya ndegeni. Simu ikipigwa, kurekodi kunakatika. Elekeza kamera kwenye pupa, isielekee dirishani, la sivyo jua likipanda picha zote zinageuka kivuli cheusi.

---

Muuguzi_Mstaafu

Hamjasema la usalama. Kabla ya kutoka nje uliza wazazi ni mtoto gani huvimba akiumwa na nyuki. Nguo za mikono mirefu, viatu vilivyofungwa. Fimbo ipite kwenye nyasi kabla ya mikono. Kipindi kizuri ni asubuhi mapema, wadudu wengi bado wazito kwa baridi na nyuki hawajachangamka.

Wasiguswe: viwavi wa manyoya (manyoya yanachoma na yakiingia jichoni ni hospitali), siafu, nyigu, tandu. Na yule mdudu mwembamba wa mistari myekundu na myeusi, mrefu kama punje ya mchele au kuzidi kidogo, watu humwita Nairobi fly. Huyu haumi wala hadungi. Sumu iko mwilini mwake, akipondwa ndipo ngozi inapata malengelenge. Akitua juu ya mtoto, apulizwe, asipigwe kofi. Mkishamgusa osha kwa sabuni mara moja, na mikono isifike machoni.

Kuna shule zinafuga viluwiluwi vya mbu ili watoto waone. Sawa, lakini chupa ifungwe chandarua kwa mpira, na maji yamwagwe kwenye udongo mkavu mara pupa wa kwanza wakionekana. Katika siku 7 hadi 10 mnao mbu wazima, na malaria tunayo ya kutosha.

---

Mwl_Kyaggwe

Asante muuguzi. Sasa siku ya wazazi. Nilifikiria kila kundi litengeneze slaidi.

---

Dada_Maktaba

Slaidi zina maandishi, na watoto wako hawaandiki. Utaishia kuandika wewe usiku kucha, wazazi wapigie makofi kazi ya mwalimu. Tumia ScratchJr. Ni programu ya bure ya kutengeneza hadithi za michoro inayotembea, imetengenezwa kwa wa miaka 5 hadi 7, na haihitaji intaneti ikishapakuliwa. Mtoto anachora mdudu, anaweza kujaza mchoro kwa picha ya kamera, anarekodi sauti yake, anampa mwendo. Mradi mmoja una kurasa zisizozidi nne, na kikomo hicho ni baraka: ukurasa 1 swali letu, 2 tulivyofanya, 3 tulichokiona, 4 kilichotushangaza.

Sauti irekodiwe chumba kitupu. Mvua ikianza kwenye mabati, acheni, hamtasikia kitu. Mtoto aseme kwa lugha anayoijua. Kama ni Kiganda iwe Kiganda, P1 hadi P3 mtaala wenyewe unafundishwa kwa lugha ya mahali.

Ubaya wa ScratchJr ni kuitoa kwenye tableti. Njia fupi ni kuirekodi skrini kama tableti ina kipengele hicho, au kuipiga video kwa simu.

---

Fundi_Saketi

Usipange kuunganisha tableti na televisheni kwa waya. Simu na tableti nyingi za bei nafuu hazitoi picha kupitia tundu la chaji, hata ununue waya wa bei gani. Weka kila kitu kwenye flashi ya USB. Iumbizwe (format) kwa FAT32, video ziwe MP4 zilizobanwa kwa H.264. Kama simu yako inarekodi H.265, badilisha kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kurekodi, televisheni nyingi za zamani zitakuonyesha skrini nyeusi yenye sauti. Majina ya mafaili yaanze na 01, 02, 03 ili yajipange. Jaribu flashi kwenye televisheni hiyohiyo siku mbili kabla.

---

Sisimizi_Mkuu

Na matokeo ya hesabu yasiwe kwenye skrini tu. Chora mistari minne kwenye manila, kila sisimizi watano kizibo kimoja kibandikwe. Mzazi asiyejua kusoma chati ataelewa mnara wa vizibo. Piga picha chati ikikamilika.

---

Wakili_Mdogo

Angalizo kuhusu kusambaza. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na uso wa mtoto ni taarifa. Karatasi ya ridhaa ipelekwe kabla, kwa lugha ya mzazi, iseme wazi picha zitaenda wapi: ukumbini tu, kundi la WhatsApp la wazazi, au nje zaidi. Iliyo rahisi kuliko yote: picha ziwe za wadudu na mikono, sauti bila jina. Zima eneo kwenye kamera, vinginevyo kila picha inabeba mahali shule ilipo. Facebook msiihesabu, hapa nchini imefungwa tangu Januari 2021.

Mkituma picha kwa shule rafiki kwa WhatsApp, zitumeni kama hati. Zikitumwa kama picha zinabanwa, na vipapasio ndivyo vinavyopotea kwanza.

---

Mwl_Kyaggwe

Nimenakili yote. La mwisho kwa Bibi: pupa akigeuka mweusi, amekufa?

---

Bibi_Vipepeo

Mwangalie kwa tochi ya simu kutoka nyuma, usimguse. Weusi unaoonyesha madoa ya njano ya mabawa kwa ndani: anatoka kesho, pengine asubuhi, weka kamera tayari. Acheni nafasi ya angalau sentimita 15 chini yake, anahitaji kuning'inia ili mabawa yanyooke, na akikosa nafasi yanakauka yamekunjamana. Majimaji yatakayodondoka, hata yakiwa mekundu, si damu, waambieni watoto mapema. Baada ya saa mbili hivi anaweza kuachiwa, kama mvua hainyeshi.

Mweusi mzima, laini, wa harufu: amekufa, mtoeni siku hiyohiyo.

Akiwa na kitundu kidogo cha duara na ndani mtupu, nyigu wadogo waliotaga ndani yake wameshatoka. Tafuteni kwenye chandarua, watakuwa wametua hapo. Ni wadogo sana, lakini wana miguu sita kama wengine. Wapigeni picha na kizibo pembeni.